Kutoka "so" hadi "mi": kisa cha gramafoni ya Tukuyu iliyoimba taratibu

Mwezi wa sita mwaka jana, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, mwalimu mmoja mstaafu kutoka Iringa alifika kibandani kwangu Mwanjelwa akiongozana na kijana wa mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na sanduku la mbao lililovikwa blanketi na kufungwa kamba za katani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye stuli kabla sijamkaribisha. Alionekana amechoshwa na safari mbili, ya basi na ya kutafuta fundi.

"Fundi," akaniambia, "mashine hii ni nzima. Ina tatizo moja tu, inaimba taratibu. Wameshaishika mafundi wawili."

Nimeamua kukiandika kisa hiki kirefu kwa sababu gramafoni za kubadilisha santuri zenyewe bado zinaibuka kwenye stoo za nyanda hizi, na kosa lililofanyika kwa hii litafanyika kwa nyingine. Na mimi nililifanya, kwa wiki tatu nzima.

Nilipofunua blanketi nikakuta V-M, ile aina waliyoiita Tri-O-Matic, iliyotengenezwa Benton Harbor, jimbo la Michigan, Marekani. V-M ilitengeneza mitambo ya kubadilisha santuri kwa ajili ya makampuni mengine pia, kwa hiyo unaweza kukuta sanduku lenye jina jingine kabisa na ndani yake moyo ukawa ni huu huu. Kwa vijana ambao hawajaiona: katikati ya sinia linalozunguka kuna kijiti kirefu chenye kidaraja karibu na juu. Unapanga santuri kadhaa juu ya kidaraja kile, unazishikilia kwa mkono mdogo unaolala juu yake, unawasha. Mashine inadondosha santuri moja, inanyanyua mkono wa sindano, inaupeleka pembeni, inaushusha mwanzoni mwa wimbo. Wimbo ukiisha, mkono unarudi, santuri ya pili inadondoka juu ya ya kwanza, na kadhalika mpaka rundo liishe. Santuri ya mwisho ikishuka, ule mkono mdogo hauna tena cha kulalia, unashuka chini, na kushuka kwake ndiko kunakoiambia mashine izime baada ya wimbo huo. Hakuna kompyuta humo. Kuna gia, springi na vyuma vinavyosukumana.

Uvumbuzi huu ulizaliwa na shida ya kweli. Santuri ya shelaki (aina ya utomvu mgumu) ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika ina kama dakika tatu tu kila upande. Muziki mrefu uligawanywa kwenye santuri nne au tano, na msikilizaji alisimama kila baada ya dakika tatu. Kampuni ya Victor ya Marekani ilitoa mashine ya kubadilisha yenyewe mwaka 1927, na watengeneza santuri wakaanza kupanga pande kwa ajili yake: kwenye seti ya santuri nne, upande wa kwanza uliwekwa mgongo kwa mgongo na wa nane, ili upige rundo lote upande mmoja kisha uligeuze mara moja. Mwaka 1948 Columbia ikaleta santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, mwaka uliofuata RCA Victor ikaleta ndogo ya 45. Ndiyo maana mashine ya mwalimu ina kitasa cha spidi nne: 16, 33, 45 na 78.

Wapo wanaoichukia mitambo hii. Wanasema santuri zinadondokeana na kukwaruzana. Kukwaruzana kupo. Lakini mimi naipenda, na sioni haya kusema hivyo. Mtu aliyekaa akabuni namna ya chuma kuhisi kwamba wimbo umekwisha, bila umeme wowote wa kuhisi, anastahili tumshughulikie kwa adabu.

Sasa ununuzi. Mashine ilikuwa Tukuyu, kwenye nyumba ya marehemu mzee aliyesoma Marekani miaka ya 1960 na kurudi nayo kwa meli. Ilikaa sebuleni miaka, ikahamia stoo. Mjane wake alimuuzia mwalimu kwa shilingi 150,000, akampa na santuri 40 hivi ndani ya katoni ya sabuni, akimwambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mara tatu kwa sababu ameikomboa isiliwe na mchwa. Mwalimu alikuwa amenunua kwa macho ya mtu mwangalifu. Aliangalia mbao kama zimeliwa, akazungusha sinia kwa mkono, akahakikisha kijiti cha katikati kipo na hakijapinda. Hilo la mwisho ni zuri mno. Kijiti kikipotea, mashine inabaki ya kuwekea santuri mojamoja, na kukipata kingine ni kazi ya miezi.

Asichokiangalia ni mvua. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko nyingine nchini, na stoo ile ilikuwa na unyevu mwaka mzima. Kichwa cha sindano cha mashine hii kilikuwa cha fuwele. Ndani yake kuna kipande cha chumvi iitwayo Roshele ambacho kikipindwa na mtetemo wa sindano hutoa umeme kidogo. Chumvi ni chumvi: inavuta maji. Nilipokifungua kichwa kile kwa wembe nilikuta uji mweupe uliokauka, na pembeni alama ya kutu ya kijani. Hakikuwa na cha kutengenezwa. Niliagiza kichwa cha kauri kutoka Uingereza, kwa sababu kauri haiogopi unyevu, nikachagua cha stirio na kuunganisha nyaya zake mbili pamoja ili kifanye kazi kwenye mashine ya sauti moja. Vichwa vya zamani vya sauti moja ni vigumu kwenda juu na chini, na ukikiweka kwenye santuri ya stirio kinakwangua mfereji kama jembe. Kiwe pia na sindano mbili za kugeuza, maana sindano ya 78 ni nene mara tatu ya ile ya 33 na 45, na ukizikosea unaharibu santuri kwa mara moja tu.

Kwa bahati fundi wa kwanza aliyeishika hakugusa kichwa. Alichofanya ni kufunga transfoma ya kushushia umeme, kutoka volti 230 hadi 110, akaipachika kwa skrubu nyuma ya sanduku. Mashine ikawaka, ikazunguka, ikaimba taratibu. Mwalimu akalalamika. Fundi wa pili akasema mpira umechoka. Gurudumu dogo la mpira ndilo linalopokea mwendo kwenye shafti ya mota na kuupeleka kwenye ukingo wa ndani wa sinia. Akalivua, akalivisha mpira mpya uliokatwa kutoka tyubu, mnene kidogo kuliko wa zamani, akiamini gurudumu kubwa litakimbiza sinia. Mashine ikaimba vilevile. Sauti nayo ilikuwa hafifu, ya mbali kama inatoka shimoni, kwa sababu ya fuwele ile.

Ndipo ilipoletwa kwangu. Na mimi nilianza pale pale ambapo fundi yeyote wa mashine hizi angeanza: grisi.

Grisi ya miaka 60 haiwi grisi tena. Inakuwa nta ya kahawia, na kwenye baridi ya mwezi wa sita inakuwa kama gundi ya viatu. Nililing'oa sinia na nikaona gia kubwa yenye mfereji chini yake imegandamana na mhimili wake kiasi kwamba ilihitaji vidole viwili kuizungusha, wakati inatakiwa izunguke kwa kupulizwa. Nilitoa kila kilichotoka. Nikaosha kwa petroli na mswaki, nikapangusa kwa spiriti, nikaacha vikauke juani siku nzima, nikarudisha kwa tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mihimili na grisi nyeupe kidogo kwenye mfereji wa gia. Bushi za mota zilikuwa zimekauka kabisa. Nilizilowesha mafuta usiku kucha.

Kuna kipande kimoja nataka nikielezee kwa karibu, kwa sababu mafundi wengi wanaiua mashine hapo. Pembeni ya gia kubwa kuna kidole cha chuma, hakizidi punje ya hindi kwa ukubwa. Kimekaa kwenye mhimili wake kikining'inia huru kabisa. Mkono wa sindano unapoingia katikati ya santuri taratibu, unakisogeza kidole hiki kidogokidogo kuelekea kitovu cha sinia. Kwenye kitovu kuna kinundu. Kila mzunguko kinundu kinakigusa kidole na kukirudisha nyuma, kwa upole, na hakuna kinachotokea. Wimbo ukiisha, mfereji wa mwisho wa santuri unauvuta mkono kwa kasi. Sasa kidole kinasogea mbali kuliko kawaida ndani ya mzunguko mmoja, na kinundu kinapofika hakikisukumi tena ubavuni, kinakigonga usoni. Pigo lile linaisukuma gia kubwa iingie kwenye meno ya kitovu, na mzunguko wote wa kubadilisha santuri unaanza. Ni hivyo tu mashine inavyojua wimbo umekwisha.

Sasa fikiria kidole hicho kimepakwa grisi. Kitakwama. Kikikwama mbele, mashine itabadilisha santuri katikati ya wimbo. Kikikwama nyuma, sindano itabaki ikizunguka mwisho wa santuri mpaka asubuhi. Kidole hiki hakiwekwi mafuta kabisa, hata tone. Kinaoshwa mpaka king'ae na kuachwa kikavu. Nilikiinua kwa ncha ya bisibisi na kukiachia, kikaanguka chenyewe kama jani. Nikajua hapo pamepona.

Nikakusanya kila kitu, nikabadilisha kapasita zote za karatasi na zile kubwa za kuchujia umeme, maana mngurumo wake ulikuwa unazidi muziki. Nikafunga kichwa kipya. Nikaweka kipande cha karatasi kwenye sinia, nikashika simu yenye saa, nikahesabu. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko programu za simu: kwenye spidi ya 33 na theluthi, dakika tatu lazima zitoe mizunguko 100 kamili.

Kabla ya kusafisha nilikuwa nimepata 71, tena isiyotulia. Sasa nikapata 83. Nikarudia mara tatu. 83, 83, 83.

Hapa ndipo nilipopotea. Kutoka 71 hadi 83 ni hatua kubwa, na nilijiambia njia ni hiyo hiyo, bado kuna uchafu mahali. Nikaifungua mota mara ya pili. Nikasugua sinia kwa ndani. Nikauvua ule mpira wa tyubu, nikaunda mwingine wenye kipimo cha asili. Nikakaza springi ya gurudumu. 83. Kwenye 78 nilipata 65 kwa dakika. Nilikuwa na namba zote mbili kwenye daftari langu, zimeandikwa kwa kalamu yangu, na sikuziona.

Mwalimu alirudi wiki ya tatu kuangalia kazi imefika wapi. Mara hii alikuja na begi la vitabu. Kumbe alifundisha kwaya miaka mingi, na kwenye ile katoni ya sabuni alikuwa amekuta santuri ndogo ya kwaya ya wanawake ambayo wimbo wake alikuwa ameufundisha mwenyewe. Alikuwa na karatasi ya nota za solfa, imepauka na kukunjwa mara nne, na juu kabisa imeandikwa ufunguo: do ni G.

Nikaiweka santuri. Wanawake wakaimba kwa sauti nzito ya kiume. Mwalimu akatoa mfukoni uma wake wa sauti, kile chuma cha kutolea nota ya kuanzia, akaugonga gotini, akausogeza sikioni, akafumba macho. Akaimba do yake kutoka kwenye uma, kisha akaisikiliza ya kwenye mashine. Akafanya hivyo tena.

"Fundi, hawa wanaimba kwenye E. Tena E ya chini kidogo." Akaimba mwenyewe akishuka: "So... mi. Umesikia? Kutoka G hadi E ni umbali ule ule wa so hadi mi, na mashine yako imeshuka hivyo. Si zaidi wala si pungufu ya hapo."

Nikamwambia aimbe tena. Akaimba tena. Nikageuza daftari. Kwa mara ya kwanza nikagawanya: 100 kwa 83. 78 kwa 65. Zote zinatoa 1.2. Nikahesabu 45 palepale kwa dakika mbili: badala ya 90 nikapata 75. Nayo 1.2.

Grisi haina adabu ya namna hiyo. Uchafu ungepunguza spidi moja zaidi ya nyingine, ungebadilika mashine ikipata joto, ungetetereka. Kitu kinachopunguza spidi zote kwa uwiano mmoja usiobadilika kiko kabla ya gurudumu la mpira, yaani kiko kwenye mota yenyewe, na mota hii haijali volti kiasi hicho. Mota za gramafoni za namna hii hukimbia kwa kufuata mapigo ya umeme wa mtaani. Umeme wetu Tanzania unapiga mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani unapiga mara 60. Sitini kugawanya kwa hamsini ni 1.2. Na mwalimu akanieleza jambo nililokuwa silijui: umbali wa so na mi, ukiimbwa safi, ni uwiano wa 6 kwa 5. Alikuwa ameusikia umeme wa Marekani kwa sikio lake kabla mimi sijauona kwenye namba.

Nilizungusha sanduku. Transfoma ya fundi wa kwanza ilikuwa imepachikwa mgongoni kwa skrubu nne. Nikaifungua. Chini yake kulikuwa na kibati cha kiwanda, safi kabisa kwa sababu kilikuwa kimefunikwa. Kiliandikwa volti 117, saiko 60. Saiko ndilo jina la zamani la hezi, yaani mapigo kwa sekunde. Fundi yule alikuwa amekisoma kibati, akaelewa nusu ya kwanza, akaifanyia kazi vizuri, kisha akaifunika nusu ya pili kwa dawa yake mwenyewe. Aliyefuata asingeweza kuiona. Mimi ningeweza, kama ningefungua skrubu nne siku ya kwanza. Transfoma inashusha volti. Mapigo inayaacha yalivyo.

Basi mashine hii ilikuwa na magonjwa mawili yaliyovaa nguo moja. Grisi iliishusha kutoka 83 hadi 71, umeme uliishusha kutoka 100 hadi 83. Kila aliyetibu alitibu kana kwamba ugonjwa ni mmoja tu.

Na sasa nieleze kwa nini mpira mnene wa fundi wa pili haukubadilisha kitu, kwa sababu nimekutana na wengi wanaoamini tiba ile. Gurudumu la mpira liko katikati ya shafti ya mota na sinia. Shafti ikisogea milimita kumi, ukingo wa mpira unasogea milimita kumi, na ukingo wa sinia unasogea milimita kumi hizo hizo. Gurudumu liwe kubwa kama sahani au dogo kama kifungo, linapitisha mwendo lilioupokea. Kinachoamua spidi ni unene wa shafti ya mota na upana wa sinia kwa ndani. Basi.

Kwa hiyo tiba ni kunenepesha shafti. Mota hii ina puli yenye ngazi nne, moja kwa kila spidi, inayofungwa kwa skrubu ndogo ya ubavuni. Nikazipima kwa vernia, kifaa cha kupimia unene: 9.2, 5.3, 3.9 na 2.0, zote milimita. Nikazidisha kila moja kwa 1.2 na kupata 11.0, 6.4, 4.7 na 2.4. Viwanda vya zamani vilivyouza nchi nyingi vilikuwa vikitoa puli mbili tofauti kwa sababu hiyo hiyo. Kuna njia nyingine, inveta ya sola inayoweza kutoa hezi 60, nasi tuliijaribu kwa moja ya kuazima. Spidi ilikaa sawa, lakini inveta ile ilikuwa ya mawimbi ya mraba, na ikaingiza mlio wa nyuki kwenye spika. Mwalimu alikataa hata kumaliza wimbo.

Nikaenda kwa fundi wa kukereza vyuma, jirani na soko la SIDO, nikiwa na kipande cha shaba na karatasi ya vipimo. Nilimwambia kwenye ngazi ya 4.7, kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita ni asilimia mbili ya spidi, na mwenye mashine ana uma wa sauti mfukoni. Alikereza vizuri, akatoboa tundu mwishoni. Nikaifunga nyumbani. Mizunguko 100 kwa dakika tatu, kamili. Nikafurahi. Kisha nikaweka santuri, na sauti ikawa inapanda na kushuka kama mtu anayeimba akiwa kwenye gari la Kitulo kipindi cha mvua.

Tundu lilikuwa nje ya kitovu kwa unene wa unywele. Puli ya aina hii haikerezwi kisha ikatobolewa. Inatobolewa na kukerezwa ikiwa imeshikwa mara moja tu kwenye mashine, isifunguliwe mpaka imalizike, ili tundu na ngazi zote vizungukie mstari mmoja. Nikamrudia. Hakuona vibaya. Akatupa ile ya kwanza kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akaweka shaba nyingine, akatoboa, akakereza nje palepale, akanikabidhi ikiwa bado ya moto. Hiyo ndiyo iliyoko kwenye mashine mpaka leo.

Lilibaki la joto. Mota na transfoma za ndani zilizobuniwa kwa mapigo 60 zikipewa 50 kwa volti zile zile, chuma chake hushiba sumaku na kupata moto. Kanuni ni kushusha volti kwa uwiano ule ule, na 117 gawanya kwa 1.2 ni kama 98. Lakini mashine hii ina valvu, zile taa za kioo za kukuzia sauti, na nyuzi za valvu hazijali mapigo, zinataka volti zake. Kwa 98 zingepoa mno. Nikaamua 105, ambayo inazinyima valvu asilimia kumi tu na kuipunguzia mota sehemu kubwa ya joto. Fundi wa kusuka mota alinisukia transfoma mpya yenye nyaya mbili zilizotengana kabisa. Ile ya kwanza ilikuwa na waya mmoja tu, umeme wa mtaani ukipita moja kwa moja mpaka kwenye chuma cha mashine, na mtu akigusa skrubu ya mkono wa sindano akiwa amesimama peku kwenye sakafu ya saruji angepigwa. Sikuweza kulala nikijua hilo. Baada ya saa mbili za kupiga mfululizo, niliweka kiganja juu ya mota nikahesabu hadi 20 bila kukitoa.

Santuri zenyewe niliziosha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo na kuzianika kivulini. Mwalimu alitaka kutumia spiriti kama alivyoniona nikifanya kwenye gia. Nilimzuia kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, nikamwomba radhi. Santuri za 78 ni shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki. Angebaki na sahani nyeusi zisizo na wimbo.

Siku ya kuichukua niliweka rundo la santuri tano, ile ya kwaya ikiwa ya mwisho. Zilishuka moja moja. Mwalimu hakusema kitu mpaka wanawake walipoanza. Akagonga uma gotini. Akausikiliza. Akauweka mezani, akaanza kuimba besi pamoja nao, kwa nota zile zile zilizokuwa kwenye karatasi, akiwa amekaa kwenye stuli ileile.

Wimbo ulipoisha mkono wa sindano ulirudi, lakini sinia likaendelea kuzunguka. Haikuzima. Nilifungua tena, nikakuta kiwiko kinachounganisha ule mkono mdogo wa juu na swichi kimepinda kidogo, pengine tangu safari ya kutoka Tukuyu. Nikakinyoosha kwa koleo. Ikazima mara nne kati ya tano. Mwalimu alikuwa na basi la saa nane, akasema inatosha.

Nilikaza skrubu za safari, zile zinazoufunga mtambo wote usining'inie kwenye springi zake, nikamwonyesha namna ya kuzilegeza akifika. Akakata tiketi mbili, moja yake na moja ya mashine, ikakaa kiti cha dirishani imefungwa mkanda na lile blanketi.

Saa tatu usiku simu ikaita. Nyuma yake nilisikia watu wengi, watoto pia.

"Fundi," akasema, "imejizima yenyewe."